Wekundu wa Tangi la Pili

Mtunza samaki alikuwa na matangi mawili: moja la samaki ambao madume wao ni wa buluu, la pili la wale ambao madume wao ni wekundu. Majike wa pande zote mbili walifanana kama shilingi kwa ya pili. Ziwa walikotoka lilikuwa limegeuka tope, na wekundu hawakupatikana tena huko. Waliobaki ni hao wa tangini tu: majike wanne waliozeeka na madume wawili.

Tangi la wekundu lilipopasuka, aliwahamishia kwa wenzao. Daktari wa samaki, binti ambaye mtunza angeweza kumzaa, akaingiwa na wasiwasi.

"Hawatachanganyika, mama?"

"Mwanangu, mwaka wa sita huu nawatazama. Jike huchagua kwa rangi. Dume asiye wake atamchezea mapezi kutwa nzima, wala hamgeukii. Hawa hawaozwi na mtu."

Daktari akacheka, akaenda zake masomoni kwa mwaka mzima.

Haukupita mwezi, taa za chumba zikaungua. Fundi umeme alikuwa shemeji yake mtunza, mdogo wa marehemu mumewe. Kazi hiyo mtunza mwenyewe ndiye aliyemtafutia. Akaleta taa za rangi ya chungwa.

"Nyeupe zimekwisha stoo, shemeji. Taa ni taa, bwana."

"Haya, weka." Miguu ilikuwa inamuuma, alitaka kwenda kulala.

Chini ya mwanga ule buluu ilififia, wekundu nao ukafifia. Aliona, akasingizia macho yake ya uzee. Kisha majike wakaanza kutembea na mashavu yaliyovimba, maana samaki hawa hubeba mayai mdomoni. Alifurahi hata akaimba. Vifaranga wakatoka, wakakua. Wale majike wanne wa wekundu wakafa mmoja mmoja kwa uzee.

Daktari aliporudi, alichota dume mmoja kijana, akampeleka dirishani penye jua. Hakuwa wa buluu, hakuwa mwekundu. Alikuwa kama jivu. Akachota wa pili, wa tatu. Jivu tupu.

"Nani aliweka taa hizi?"

Shemeji alikuwa mlangoni na ngazi yake begani. Akainamisha kichwa.

"Nilikubali mimi," mtunza akasema. "Jike hakuona rangi, akamchukua yeyote. Kosa ni langu."

Laiti daktari angefoka! Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Basi wamekwisha, mama," akasema, kwa upole uliomchoma mwenzake kuliko matusi.

Tangu siku hiyo shemeji hakukanyaga tena nyumbani kwa mtunza, na yeye hakumwita.

Madume wawili wekundu waliishi miezi michache zaidi, chini ya taa nyeupe zilizorudishwa. Kila asubuhi, mtunza akinyunyiza chakula, mmoja wao alitanua mapezi na kutetemeka mbele ya majike vijana, wekundu ukimwaka ubavuni. Wao walimpita, wakaenda kula.