Kona Iliyonyooshwa

Ofisini walimwita Bi Nukta, na jina hilo alilipata kwa ubishi wake mwenyewe. Mwenzake akimletea mchoro wa mto uliofanywa harakaharaka, hakumung'unya maneno. "Mto gani huu unaopiga kona kama askari wa gwaride? Ongeza nukta." Wenzake walicheka, wakaongeza. Kazi ya chumba kile ilikuwa kutunza ramani za mji kwenye kompyuta, viwanja, mitaro na barabara, na yeye ndiye aliyekuwa na jicho lisilosamehe.

Kwa hiyo siku jicho hilo lilipomgeukia mwenyewe, hakutulia.

Alikuwa anaandaa ramani ya kubandikwa ukutani kwa ajili ya mkutano wa wakazi. Akaikuza picha ili aandike majina ya mitaa, ndipo alipoiona kona ya barabara mpya. Haikuwa kona. Ilikuwa mistari miwili iliyonyooka kama fito, imekutana kwa kiwiko hapo penye bomba la maji. Akalifunga faili. Akalifungua tena. Kiwiko kilikuwa palepale. Akainuka kwenda kunywa maji, na hakuwa na kiu.

Jambo lenyewe si gumu, ila lina hila. Wahandisi wa barabara huchora kona kwa tao la kweli, kipande cha duara: huiambia mashine tao lianzie hapa, liishie pale, lizunguke kitovu fulani, basi. Lakini mafaili ya ofisi ya ramani hayajui tao ni nini. Yanajua nukta, na mstari ulionyooka kutoka nukta hadi nukta. Ukitaka kona, unapanga nukta nyingi, zikaribiane mpaka jicho lidanganyike. Mchoro wa wahandisi ukihamishwa, kompyuta huuliza: kwenye tao hili niweke nukta ngapi? Usipotaja idadi, inajiwekea tatu, mwanzo, kati na mwisho, na kazi imeisha. Ukitazama kwa mbali huoni kasoro.

Bi Nukta aliikumbuka vizuri siku aliyouhamisha mchoro ule. Ndiyo siku mabati ya kuezekea yalipofika nyumbani. Simu inaita, mumewe anauliza dereva ashushe wapi, kompyuta nayo inauliza maswali yake. Akaijibu haraka ili inyamaze. Alibonyeza "Sawa". Mwanamke aliyewasumbua wenzake kwa nukta moja ya mto, barabara nzima aliipa tatu.

Na tao likinyooshwa, barabara haibaki mahali pake. Inajivuta kuelekea ndani ya kona. Ndani ya kona ile ilikuwa nyumba ya fundi cherehani, mama mmoja aliyeishi peke yake na vitambaa vya watu. Wapaka rangi, wakiifuata ramani ya Bi Nukta, walikuwa wameshampigia X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Nje ya kona, ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na mlango, ilikuwa nyumba ya Bi Nukta mwenyewe. Nyeupe pe, haina alama.

Hakuhitaji kupiga hesabu. Tao likirudishwa lilivyochorwa, barabara itatoka kwa fundi cherehani na kuja kwake. Fidia ilikuwepo, lakini fidia huja kwa miguu na tingatinga huja kwa gari.

Alizunguka meza yake, akapanga kalamu zilizokuwa zimepangwa, mwishowe akaenda kumwita mkuu wa ofisi. Mkuu alikuja anatafuna njugu, akainama mbele ya kioo.

"Mimi naona kona," akasema.

"Sogea karibu."

Akasogea. Akakiona kiwiko. "Sasa, si X zimeshapakwa? Watu wameshalia wamemaliza."

"Zilipakwa kwa kosa langu."

"Haya. Ukirekebisha, inapita wapi?"

Bi Nukta akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwangu."

Mkuu aliacha kutafuna. Akamtazama, akautazama ukuta, akakunja kijikaratasi cha njugu akakitia mfukoni. "Nenda nyumbani mapema leo," akasema. "Kesho niletee faili utakaloona linafaa. Mimi nitalitia saini." Kisha akaondoka zake, akamwachia mzigo wote kichwani.

Njia ya kurudi nyumbani aliitembea kwa miguu, mara anakimbia, mara anasimama bila sababu mbele ya duka. Alitamani mtu amkosee ili apate wa kumgombeza. Hakuna aliyemkosea.

Nyumbani mumewe alikuwa kizingitini, mafuta hadi viwikoni, anapachika mlango wa chuma. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, na mlango ule ulikuwa kazi ya mikono yake: maua ya chuma juu na chini, yamekunjwa moja moja. Alimtengenezea fundi cherehani miaka ya nyuma, na mlango huo ndio uliomletea mumewe wateja. Fundi cherehani alipopigiwa X alimuuzia mlango ule kwa bei ya chuma chakavu, maana chumba alichokuwa anakwenda kupanga kilikuwa na mlango wake.

"Umeona?" mumewe akasema, akaufungua na kuufunga. "Hauna hata mlio. Bado bati moja tu juu, tumemaliza."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Yeye na fundi cherehani waligombana zamani kwa sababu ya maji ya kufulia yaliyomwagwa kichochoroni, na ugomvi ule aliulea kama mtoto. "Mungu anaona," akasema. "Alimwaga maji yake njiani, leo njia inamfuata ndani."

Waswahili wanasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mama yule hakutia hata tone.

Bi Nukta aliingia chumbani, akatoka. Alishika ufagio, akauacha. Ndipo fundi cherehani mwenyewe akaja, amesimama kichochoroni, hakukanyaga kibarazani kwa sababu ya mwenye mkeka.

"Fundi," alimwita mume wa Bi Nukta, maana waliitana hivyo, fundi kwa fundi. "Nimekusahaulia ufunguo. Mlango bila ufunguo unakufaa nini?"

Mume alikuwa na mafuta mikononi, hivyo Bi Nukta ndiye aliyeupokea. Ulikuwa na joto la kiganja na umefungwa uzi mwekundu.

"Na wewe jirani, mbona hivyo? Unaumwa?" fundi cherehani akamuuliza.

"Siumwi, dada. Uchovu tu."

Aliona haya kiasi cha kutaka ardhi ipasuke. Alimtazama mama yule akivuka kurudi kwake, akiinama chini ya kitambaa kilichoning'inizwa mlangoni mahali palipokuwa na chuma.

Asubuhi alifika ofisini kabla ya wengine, ufunguo umo ndani ya mkoba. Aliufungua mchoro wa wahandisi, akauhamisha upya, na kompyuta ilipouliza swali lake alilisoma hadi mwisho. Akaipa nukta tele. Kona ikajaa, ikawa tao safi kama ilivyokusudiwa. Kwenye kioo, rangi nyekundu ya barabara ikatoka juu ya nyumba ya fundi cherehani, ikavuka kichochoro, ikala kibaraza cha Bi Nukta, sebule, chumba cha mama mkwe na chumba cha watoto. Kwa huruma yake, barabara ilibakiza choo.

Mkuu alitia saini. Siku hiyo hakuwa na njugu.

Jioni Bi Nukta alimkuta mumewe juu ya paa na lile bati la mwisho. Alimweleza akiwa chini, ameinua uso, shingo inamuuma. Alieleza tao, nukta, na siku ya mabati. Mumewe alisikiliza huku ameshikilia misumari mdomoni, kisha akaitema kiganjani.

"Kuna mtu mwingine aliyeliona hilo kosa?"

"Mkuu, nilimwonyesha mimi."

"Usingemwonyesha?"

"Asingeliona."

"Basi?"

Bi Nukta alijua tu kwamba asingeweza kupita kila asubuhi mbele ya ile X. Lakini maneno hayo, mbele ya mwanamume aliyekaa juu ya nyumba aliyoijenga bati kwa bati, yalikuwa mepesi mno. Mumewe akageuka, akalilaza bati lile la mwisho, akaligongelea misumari yote, mmoja baada ya mwingine, vizuri kabisa, kana kwamba nyumba ile ingekaa miaka mia.

Wapaka rangi walipokuja, Bi Nukta alikuwa nao, maana ndio utaratibu wa kazi yao: mtu wa ramani hushika kifimbo cha vipimo na kuonyesha, mwenye brashi hupaka. Kijana wa brashi alimjua. Akasita.

"Dada, hapa?"

"Hapo."

Rangi ikachuruzika kidogo kwenye chokaa mpya. Mama mkwe akatoka, ushungi begani.

"Mwanangu, hiyo barabara yenu haiwezi kupinda hata kidogo?"

"Imeshapinda, mama. Iliponyooka ndipo tulipopona."

Mama mkwe akatazama ng'ambo, ambako wenzao wa brashi walikuwa wanaifuta X ya fundi cherehani kwa chokaa. Aliitazama ikififia mpaka ikaisha. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na sasa ulikuwa umemgeukia. Alikaa kwenye mkeka wake na hakutaja maji ya kufulia tena, si siku hiyo wala baadaye.

Mumewe hakusema na Bi Nukta. Alikula, alikwenda kazini, alirudi. Chumvi aliiomba kupitia kwa watoto. Bi Nukta alizunguka ndani ya nyumba yake kama mgeni aliyechelewa kuaga, akigusa kuta, akihamisha vitu ambavyo vingehamishwa tena. Usiku alilia, na mumewe, aliyekuwa macho, alijifanya amelala.

Siku ya mapumziko alimwona akitoka na nyundo na spana. Akajua ndiyo mwanzo wa kubomoa, moyo ukamshuka. Lakini mumewe hakupanda paani. Alipiga magoti kizingitini, akatoa bawaba za mlango wa chuma, akauegemeza begani. Ulimwelemea. Akasimama hapo, jasho linamtoka, hataki kumwita mtu.

Mwishowe akasema, bila kumtazama, "Shika huko chini."

Akashika. Wakavuka kichochoro, yeye anarudi kinyumenyume, mumewe anamwongoza kwa macho penye mashimo. Fundi cherehani alitoka na sindano mdomoni, akaitoa.

"Fundi, sina pesa ya kuurudisha."

"Nani amekuomba pesa? Sogeza hicho kitambaa."

Mlango uliingia mahali pake kama vile haukuwahi kutoka. Fundi cherehani akautazama, kisha akaitazama X mbichi ng'ambo, kisha Bi Nukta.

"Sikuelewa kwa nini walikuja kufuta," akasema. "Walikosea?"

"Nilikosea mimi, dada. Ile X uliyopigiwa ilikuwa yangu."

Mama yule alibaki ameshika komeo, akilifungua na kulifunga.

"Ufunguo," mumewe akamwambia.

Bi Nukta akautoa mkobani na uzi wake mwekundu, akamtilia fundi cherehani kiganjani, na mama yule akakunja kiganja, akaufumbata pamoja na mkono wa Bi Nukta kwa kitambo. Kisha Bi Nukta na mumewe wakavuka kurudi kwao, bega kwa bega. Ndani, mama mkwe alikuwa anauliza ni nani aliyeacha upepo uingie.