Jino Kwenye Mpini wa Wembe

Shemeji yangu, mume wa dada, ana nyembe arobaini na moja na hawezi kunyoa hata panya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu, na walicheka mpaka nikawaomba watulize shingo. Mtu kazi yake ni kuuza pampu za maji, leo yuko nchi hii, kesho ile, na kila anakoshuka lazima atafute wembe wa kukunja, hizi nyembe zetu za kizamani za vinyozi. Anauvingirisha kwenye soksi, anausukuma katikati ya sanduku, anarudi nao kwake na kuulaza kwenye droo yenye kitambaa chekundu. Halafu anauangalia. Basi! Mtu mzima hovyo.

Alipokuja kuposa kwetu, alipita kinyozini kwa Baba akaomba ajaribu kunoa. Nikamwambia, "Wewe shika taulo." Na kwetu taulo si mchezo. Sheria ya Baba ilikuwa kwamba aliyemkata mteja, aliyepoteza kifaa au aliyesema uongo, anaweka wembe chini na kushika taulo la moto siku nzima, anamhudumia mwenzake, na likipoa anapewa za uso mbele ya wateja. Shemeji hakuwa na kosa lolote. Alilishika kutwa nzima, na suti yake ya posa, bila kununa. Nikamdharau zaidi. Mwanamume gani huyo, anachezewa na haoni?

Miaka ikaenda. Moyo wa Baba ukaanza kumsumbua, dada akamchukua kwake ng'ambo akatibiwe. Alikuwa ametimiza miezi minane huko aliponipigia simu.

"Jumatatu wananipasua," Baba akasema. "Njoo uninyoe Jumapili. Uje na wembe wangu."

"Baba, utatoka salama."

"Sikukuuliza hilo. Kama sitatoka, nataka niwe nimenyolewa na mwanangu, kwa wembe wangu."

Wembe huo alinikabidhi siku mikono yake ilipoanza kutetemeka. Baba hakuwahi kuniomba kitu maishani, hata maji ya kunywa alikuwa akijichotea. Nikasema nakuja.

Dada akachukua simu akaniambia Baba huwa ananyolewa kila Ijumaa, lakini safari hii amegoma, ananisubiri mimi. Nikadhani anayemnyoa ni nesi na mashine yake. Kisha shemeji naye akaomba simu. Hakosekani!

"Shemeji, wembe uweke kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Usiubebe mkononi hata kidogo, watauchukua."

"Sawa, profesa," nikamjibu, nikakata.

Kinyozi na wembe wake hawaachani. Nimpe nani sanduku, watu nisiowajua walirushe huku na huku, likipotea je? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini ukweli ni kwamba ushauri ule ungetoka kwa mtu mwingine yeyote, hata mpita njia, ningeufuata. Ulitoka kwa muuza pampu. Nikautia wembe kwenye begi la mkononi, ndani ya mfuko wa miswaki.

Kwenye ukaguzi, binti mmoja mwenye glovu aliutoa kwa vidole viwili kama ameokota mjusi.

"Hiki ni nini, mzee?"

"Ni kazi yangu. Mimi ni kinyozi. Nimeshika makoo ya watu miaka ishirini na sita."

"Ndiyo maana hupandi nacho," akasema. Wenzake wakacheka. Akaniuliza kama kuna aliyenisindikiza, amwachie. Hakuna. Nilikuwa nimewakatalia wote, nikisema mimi si mtoto wa kupelekwa shule. Akaniambia nirudi nikaukabidhi na mizigo. Nikatazama foleni, nikasikia ndege yangu inaitwa kwa mara ya mwisho. Upande wangu kulikuwa na sanduku la kioo, limejaa mikasi ya kucha, visu vya matunda na bastola moja ya plastiki ya mtoto. Nikautumbukiza wembe wa Baba humo kwa mkono wangu mwenyewe. Njia nzima angani sikula wala sikulala. Nilikuwa namtukana yule binti kimoyomoyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujitukana.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Shemeji ndiye aliyenipokea, na uso wangu ukamwambia kila kitu.

"Wameuchukua," akasema. Nikangoja acheke. Hakucheka. "Zangu najua hutazitaka. Twende tukatafute mwingine kabla Baba hajaamka."

Akanipeleka kwenye duka la vitu vya zamani, chumba chembamba chenye saa zilizokufa na mashine za kushonea. Muuzaji alimsalimia shemeji kama ndugu yake, akatandaza nyembe kumi na kitu kwenye meza. Shemeji akaanza. Anafungua mmoja, anauweka juu ya kioo aone kama umepinda, anauinua kwenye mwanga, anaupitisha karibu na sikio. Kha! Nilimwona bure kabisa.

Kwenye pembe ya meza nikauona mmoja wenye mpini mweusi wa pembe, mpana, sawasawa na wa Baba. Shetani akanipitia pale pale. Macho ya Baba yamepungua. Atajuaje?

"Huo una ufa karibu na kisigino, pale chuma kinapokutana na mpini," shemeji akaninong'oneza. "Chukua huu wa mpini wa mti, chuma chake ni kizuri zaidi."

"Nani kinyozi hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, shemeji."

Nikachukua mweusi. Nyumbani nikaunoa kwenye jiwe mpaka jioni, nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, na ufa kweli ulikuwepo, mdogo kama unywele. Sikumwambia mtu.

Jumapili Baba akakaa kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, shuka shingoni, ndevu nyeupe za siku tisa. Alikuwa amekonda. Dada alichemsha maji. Shemeji alisimama mlangoni. Nikampaka Baba povu, mikono yangu ikakumbuka kazi yake, na nikaona furaha mpaka machozi yakanilenga. Nikafungua wembe.

"Nipe kwanza niushike," Baba akasema.

Nikaukunja nikampa. Akaupapasa mpini kwa kidole gumba, polepole, upande mmoja, kisha upande wa pili. Akarudia.

"Jino lako liko wapi?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Nilipokuwa naota meno, niliuchukua wembe wake ukiwa umekunjwa, nikautafuna mpini mpaka nikauacha na alama. Mama alikuwa akisimulia habari hiyo kwa kila mgeni. Miaka yote nimeushika ule mpini, na nilisahau kitu ambacho Baba alikuwa akikipapasa kila siku.

Shemeji akatoka mlangoni. "Baba, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia aubebe mkononi. Ukachukuliwa kwenye ukaguzi."

Nilipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wangu, haukuzibwa na mtu.

"Ni kweli?" Baba akaniuliza.

"Ndiyo, Baba. Ni yeye aliyenishauri."

Dada aliyekuwa ameshika birika akaliweka chini. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuvuka hata jiko.

"Huyu," Baba akasema bila kupandisha sauti, "nimemwona akifunga safari mara tano tangu nije hapa. Kila mara anatafuta soksi nyumba nzima, za kuvingirishia wembe sandukuni. Anaweza kukwambia hivyo?" Akavuta pumzi kwa shida. "Wembe ni chuma. Ungeniambia umepotea, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema."

"Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe. Shika taulo."

Nikadhani ananitania. Akamgeukia shemeji. "Lete ule wa Ijumaa."

Shemeji akasita, akanitazama kana kwamba anaomba ruhusa yangu, mimi! Kisha akaenda kwenye droo yenye kitambaa chekundu. Akarudi na wembe mwembamba, akaupitisha kwenye mkanda mara kumi na mbili, akavuta ngozi ya shavu la Baba kwa vidole viwili juu ya sikio, kama Baba alivyonifundisha mimi. Povu likashuka na ndevu, safi, bila doa la damu. Wembe uliimba. Baba alifumba macho. Dada alikuwa analia upande wa sinki, na mimi pia, ila mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.

Alipomaliza shavu la kwanza, shemeji alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama ninavyofanya mimi kwangu. Nikamwekea taulo kiganjani.

"Asante, shemeji," akasema.

Lilikuwa bado la moto.