Hodi ya Tatu

Mchana ule nililala na hasira, na hasira ni godoro baya. Asubuhi alikuwa amenipigia simu Sikudhani, mmoja wa wasomaji wa tovuti yangu, ile ambayo wanawake wanaotafuta mtoto huuliza wasiyoweza kumuuliza jirani. Alikuwa analia. Tangu asome kwangu, simu yake ilikuwa ikimletea matangazo ya dawa za uzazi kila anapoifungua. Mama mkwe akaiazima kutazama picha za harusi, akayaona. "Nilikuamini, dada," akasema, akakata. Nikamwita Shekue, fundi anayeitunza tovuti, nikamwambia tuweke kitufe cha kukataa vidakuzi, vile vijifaili tunavyoviacha kwenye simu ya msomaji, ambavyo vingine humfuata kila aendako mtandaoni. Akacheka. "Ukiwapa nafasi ya kukataa, watakataa wote. Wenye matangazo watatukimbia, tutafunga duka. Na ilani si ipo? Wanaipita kimya. Kwetu mwari akiulizwa habari ya posa akanyamaza, si amekubali?" Nilikula wali usioshuka, nikajinyoosha mkekani, feni ikinipepea, usingizi ukanichukua.

Nikaota niko katika nchi yenye nyumba pekee, bila shamba wala soko, kila nyumba mlango wake umerudishwa, na nyuma ya kila mlango sauti ya mtu anayeishi: mmoja anasali, mwingine anakohoa, mwingine analia polepole asisikike. Nilibeba kikapu, na ndani yake vidakuzi vyangu vimeota miguu na masikio, vinalialia kama vifaranga, vikitaka vitumwe kazini. Kando yangu alitembea mwanamume mtanashati anayenukia udi, ambaye tabasamu halimtoki. Jina lake Hila. "Usijisumbue kubisha," akaniambia, "sukuma tu. Mwenye nyumba akinyamaza, acha kimoja mvunguni, twende zetu." Ndivyo tulivyofanya mlango hadi mlango, na kila kidakuzi kilichobaki ndani kilichomoka baadaye dirishani, kikamparamia Hila begani na kumnong'oneza, naye akazidi kunenepa. Mwisho tukafika nyumba ambayo pazia lake nilikuwa nalifahamu, maana nililishona mwenyewe. Nikachungulia. Vidakuzi nisivyovijua vilikuwa vimejaa kitandani pangu, vinafunua khanga zangu, vinanusa dawa zangu. "Nani kaviruhusu?" nikapiga kelele. "Ulinyamaza," Hila akajibu, akitabasamu vilevile. Aibu ilinishika.

Kelele zangu zilimleta mwanamke mrefu, viatu vyake mkononi, kama anayejiandaa kuingia kwa watu. Huyo alikuwa Bi Staha. Hakunigombeza. "Mwanangu," alisema, "umekosea mgeni ni nani. Ulidhani hawa ndio wanaokuja kwako, kumbe wewe ndiye unayekwenda kwao, mpaka mvunguni. Na mgeni ana adabu zake: hupiga hodi, husema analolitaka, akangoja. Hodi ya tatu isipoitikiwa, hugeuka akaenda zake, wala haweki kinyongo."

"Na kimya cha mwari, bibi?"

"Mwari huulizwa na watu wanaomjua, walioacha shughuli zote wamsikilize. Wewe umemnong'oneza mtu mwenye haraka, kisha ukatangaza kwamba kakubali."

"Je, wakinikataa wote?"

"Hao watakaosema karibu utawajua. Leo humjui hata mmoja."

Akanisogeza mbele ya mlango mmoja, akasema humo anaishi Ridhaa. Nikapiga hodi, nikaeleza kila kidakuzi kinataka nini. Kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Nikapiga ya tatu, nikageuka niondoke, na ajabu ni kwamba sikuumia. Kikapu kilikuwa chepesi, kifua kimefunguka. Nyumba ya pili mtu akaniambia kwa sauti, "Leo hapana!" nikamjibu ahsante, na mbingu haikuanguka. Hila alikuwa anapwaya ndani ya koti lake. Ndipo nyuma yangu mlango wa Ridhaa ukalia bawabani. "Karibu," alisema mwanamke ambaye sikumwona uso. "Hicho kinachokumbuka lugha ninayosomea kiingie. Hivyo vipelelezi baki navyo mwenyewe."

Nikaamka feni imesimama, umeme umekatika, jasho linanitiririka, nami nacheka peke yangu kama mwehu. Nilimpigia Shekue. "Vitufe viwili," nikamwambia, "kubali na kataa, ukubwa mmoja, rangi moja. Kisiwekwe kidakuzi cha kumfuata mtu kabla hajajibu. Anayenyamaza hajakubali."

"Na duka likifungwa?"

"Lifungwe na adabu zake."

Akaguna, lakini nilisikia vidole vyake vimeshaanza kazi.

Kisha nikampigia Sikudhani. "Hodi," nikasema. Kimya. Nikamwambia kinachoondolewa kwenye tovuti na kwa nini, nikamwomba radhi, nikapiga hodi tena. Kimya. Nikapiga ya tatu, nikangoja, nikaanza kuitoa simu sikioni.

"Karibu, dada," akasema. Mama mkwe, akanieleza, alimkalisha jikoni na kumwambia kwamba naye alichelewa sana kumpata huyo mwanawe. Wakalia wote, wakacheka wote.

"Lakini lile lilikuwa langu kulisema," akaongeza, taratibu.

"Lilikuwa lako," nikamwambia.