Wapasuamaji wa Rusizi

Ndege alishuka juu ya maji, akalowesha tumbo lake, akarudi mbio kuyakalia mayai yake mchangani. Punde mwenzake akafanya vivyo hivyo. Jua la Julai lilikuwa limeshapanda, na mchanga wa pale mto Rusizi unapomwagikia ziwani ulianza kuunguza nyayo. Yahaya alijikunyata ndani ya matete, darubini machoni, akihesabu matumbo yaliyolowa. Bila yale maji, yai huivia ndani ya gamba lake kabla ya adhuhuri.

Ofisini ndege hao walikuwa na jina refu la vitabuni. Yeye aliwaita wapasuamaji, kwa kuwa huruka chini kabisa wakiupasua uso wa ziwa kwa mdomo wa chini, ambao Mungu aliurefusha kuliko wa juu. Alikuwa mlinzi wa hifadhi kwa mwaka wa kumi na moja, na kila alfajiri alitoka nyumbani kwake Buyenzi kwa baiskeli kuja kuwaangalia. Zamani walikuwa na mafungu manne ya mchanga ya kutagia. Mawili yalimezwa na ziwa lilipopanda, la tatu likabebwa na malori ya wajenzi. Mwaka ule wa tisini na tano lilibaki moja tu, na juu yake viota thelathini na tisa. Kama hilo nalo lingepotea, hakujua wangekwenda wapi, na wazo hilo lilimnyima raha hata mezani.

Tuseme ukweli: Yahaya alikuwa na majivuno kidogo. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu ndege wake isipokuwa kwa kumcheka. Kwa hiyo Sajini Révérien, mkuu wa kizuizi kipya cha barabarani, alipokuja kuketi naye na kuuliza kwa upole, moyo wake ulifunguka kama duka asubuhi.

"Muzee, we unaangaliaka ndege siku muzima. Zinakuambia nini?"

"Mingi, shefu. Mutu akipitia matete ya huku, zinarukia upande wa ziwa. Akitokea kwa maji, zinarukia upande wa barabara. Mi nakaa hapa, najua mutu ameingia wapi mbele ya kumuona."

"Hata akijificha?"

"Hata akitambaa."

Sajini alitikisa kichwa taratibu, akamwomba arudie. Yahaya akarudia, tena kwa kumchorea mchangani kwa kijiti. Alirudi nyumbani siku hiyo akipiga mluzi, na mkewe Saliha akamtania kwamba labda ameoa mke wa pili.

Wakati huo mtaa wa Kamenge ulikuwa umebaki mtupu, wakazi wake wamefukuzwa na jeshi. Waliosalimika walijificha huku na kule mjini, na wachache wachache waliteremka hadi kwenye matete ya Rusizi ili wavuke kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Yahaya alijua wanapita. Aliona nyayo zao asubuhi, nyayo za watu wazima na za watoto, akazipita kimya. Hakumwambia mtu, wala hakudhani kwamba amemwambia mtu.

Siku ya tatu baada ya mazungumzo yale, ndege waliinuka wote kwa pamoja, wakaelekea ziwani. Yahaya alikuwa bado anajiuliza ni fisi maji au ni mtu, bunduki zikaanza kulia. Zilimimina risasi kwenye matete ya upande uleule aliouchora kwa kijiti, kisha zikanyamaza.

Waliburutwa watu watatu. Wawili hakuwafahamu. Wa tatu alikuwa Ernestine, msuka mikeka wa Kamenge, ambaye kwa miaka sita Yahaya alikuwa akimkamata akikata matete bila ruhusa, akimkaripia kama ilivyompasa, kisha akimwachia mzigo mmoja arudi nao. Kila Idi naye alimletea Saliha mkeka. Sasa alilala kifudifudi, kanga yake imelowa tope, na Yahaya alimtambua kwa vidole vyake vilivyojaa makovu ya matete.

"Ndege zako zimefanya kazi, muzee," alisema Sajini Révérien, akamtia mkononi mfuko wa sukari.

Sukari ilikuwa adimu mjini. Saliha aliipokea kwa bashasha, akachemsha chai nzito ya tangawizi, akaketi kumtazama mumewe akinywa. Yahaya hakunywa.

"Baba Hayat, ni nani amekupa hii?"

Akamweleza yote, kuanzia swali la kwanza la sajini hadi vidole vya Ernestine. Saliha alisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akaimwaga chai yote uani, birika zima, kisha akarudi kuketi palepale.

"Utaacha kazi?"

"Nikiacha mimi, ndege haziachi kuruka. Ameshaweka askari juu ya kichuguu na darubini. Inabaki wao kuangalia tu."

"Basi wewe ndiye uliwafundisha," alisema Saliha, bila ukali. Ukosefu huo wa ukali ndio uliomuumiza.

Yahaya hakupata usingizi wa maana. Aliijua dawa tangu pale alipokuwa akisimulia, ila alikuwa akiizunguka, akiikataa, akiirudia. Ndege walisema kweli kwa sababu walikuwa wametulia. Wakiruka kila saa, huku na huku, kwa sababu na bila sababu, kuruka kwao hakutamwambia mtu kitu tena. Na wakiruka kila saa, hakuna yai hata moja litakalopona.

Asubuhi alivua viatu, akapanda juu ya fungu. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kulikanyaga msimu wa kutaga. Wapasuamaji waliinuka wakilia, wakazunguka juu ya kichwa chake. Mmoja alimshukia hadi akahisi upepo wa bawa lake shavuni. Alisimama katikati ya viota, macho yake yakitiririka machozi, akangoja jua lifanye kazi yake. Askari walikuja mbio, wakamkuta peke yake.

"Nakagua mayai, shefu," alimwambia sajini.

Akaondoka, ndege wakatua. Baada ya nusu saa akapandia upande wa maji. Halafu upande wa kaskazini. Siku ya kwanza askari walikuja mara tano, siku ya pili mara tatu, siku ya nne hawakuja kabisa. Sajini Révérien alikuja peke yake, akasimama karibu naye, karibu sana.

"Ndege zako ziko na wazimu, muzee."

"Ni joto, shefu. Hata watu, joto inawasumbuaka."

Sajini alimtazama usoni kwa muda mrefu, mkono wake ukichezea mkanda wa bunduki. Yahaya aliitazama miguu yake mwenyewe. Mwishowe sajini alitema mate, akaenda zake, na jioni hiyo askari wa kwenye kichuguu aliondolewa.

Yahaya hakuthubutu kuacha, yule askari asije akarudishwa. Aliendelea wiki mbili nzima. Baadhi ya majike walitaga upya, naye akapanda fungu upya. Kila asubuhi walipungua. Katikati ya Agosti alifika akakuta mchanga mtupu na mayai yaliyotapakaa, yakiwa na madoadoa yake mazuri, mengine yamepasuka, nzi wameyaandama. Aliokota moja, akaliweka chini pale pale alipolitoa, kwa uangalifu uleule wa siku zote.

Alikuwa bado amechutama hapo alipoliona vazi la rangi kwenye matete. Mwanamke alijitokeza mchana kweupe, mtoto mgongoni, mwingine ameshikilia sketi yake. Alipoiona sare ya mlinzi aliganda palepale.

"Pita, mama," alisema Yahaya. "Maji yanafika magotini, shika upande ule wa majani mafupi."

Mwanamke alikanyaga fungu. Mtoto aliyekuwa akitembea aliyaona mayai, akamvuta mamaye. "Mama, tule."

"Yameoza, mwanangu," Yahaya aliwahi. Akatoa mkate wake wa mchana, akamkatia mtoto, kipande kilichobaki akampa mama. Walitembea naye hadi ukingoni, wakivuka mchanga wote ule wazi, mwanamke akigeuza shingo kila hatua kuelekea barabarani. Kule barabarani hakuna askari aliyeinua kichwa.

Kabla hajaingia majini mwanamke alisimama, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe huku kumetulia hivi, muzee," alisema. "Hata ndege hakuna."

"Ndiyo, mama," alijibu Yahaya. "Hakuna."