Goti la Kadii

Ng'ombe walikuwa wameshatoka Garsen. Vumbi lao lilikuwa limeshashika njia ya Malindi na Sadik yuko nyuma yao akipiga mluzi, lakini Dadacha, mwenye nusu ya kundi lile, alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta wa hoteli ya Mumina, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo.

"Shemeji!" Sadik aliita kutoka mbali. "Ng'ombe hawajui kusoma! Wanakwenda!"

"Waache waende. Wana miguu."

Sadik alikuwa ndugu wa Hamdi, mke wa Dadacha, ndiyo maana aliweza kumtania mzee mzima na asipigwe. Lakini siku hiyo utani ulipita juu ya kichwa cha mzee kama kunguru. Macho yake yalikuwa kwenye kibao.

Kibao chenyewe kilikuwa cha Rebecca, fundi wa cherehani aliyeshonea kwenye kibaraza cha hoteli ile. Kila siku ya mnada alibandika hapo karatasi yenye hadithi. Chini yake alibandika nyingine tupu, juu yake ameandika "Maoni", na kalamu ameifunga kwa uzi msumarini isije ikatembea. Msomaji akiwa na neno, aliliandika. Rebecca alikuwa Mpokomo wa Golbanti, na hadithi yake ilikuwa moja tu, ndefu, ya wakati wa mafuriko ya El Nino, yaliyokuwa yamepita juzijuzi tu. Bibi mmoja, Kadii, alikataa kuhama. Maji yalipopanda naye akapanda, akakaa juu ya paa na kuku wake mwenye kishungi. Mumewe Levi alikuwa ameondoka na mtumbwi kwa hasira, kisa samaki mkavu aliyeliwa bila yeye kuambiwa. Mnada uliopita hadithi ilikomea hapo: maji yamegusa makuti, na mamba anazunguka nyumba.

Dadacha alijifunza kusoma ukubwani, darasa la ngumbaru, tena kwa vipande: kidogo Hola, kidogo Bura, na kiangazi kikija anafuata malisho na herufi zinangoja. Alisoma kwa midomo, polepole. Kisha alikwenda na hadithi nyumbani akamsimulia Hamdi, na majirani wakaja kusikiliza na vigoda vyao. Safari hii alipokuwa anafunga viatu, Hamdi alimwambia, "Ukija hapa na yule bibi bado yuko juu ya paa, utalala na ndama." Na Hamdi hakuwa mtu wa kusema akasahau.

Sasa leo cherehani haikuwapo kibarazani, na kibaoni hapakuwa na hadithi. Palikuwa na maneno machache: *Nimesoma maoni yenu. Ahsanteni. Hadithi imeishia hapo. Leo nitatoa kibao.*

"Imeishia hapo!" Dadacha alisema kwa sauti. "Juu ya paa!"

Akasoma maoni ya mnada uliopita. La kwanza: *Hadithi ya watoto wa nasari.* La pili: *Fundi, suruali yangu umeipinda mguu, na hadithi umeipinda vilevile.* La tatu, kwa herufi kubwa: *Mamba angemla bibi tukapumzika.*

Mumina alitoka na birika. Mwanamke mnene, mchangamfu, aliyejua habari za mji kuliko redio.

"Nani ameandika uchafu huu?"

"Changawa, yule wa tiketi za basi. Hana roho mbaya, mzee, ana mdomo tu. Watu wakicheka anaongeza."

"Na nyinyi wengine?"

"Sisi tulisoma, tukafurahi, tukanywa chai."

"Hamkuandika kitu?"

Mumina alishangaa. "Mtu akifurahi anaandika?"

Dadacha alishika kalamu, akaanza: *Changawa, wewe ni punda...*

"Ehe," Mumina alisema, akichungulia begani kwake. "Na Rebecca akija kukitoa kibao atakuta nini? Alikuwa na matusi, sasa ana matusi na punda."

Mzee akafuta kwa mate na kidole. Alitaka kuandika jambo moja tu: kwamba hadithi ni nzuri, iendelee. Lakini kwao Waorma mtu haingii bomani akatupa haja yake mlangoni. Husalimu kwanza. Huuliza watu, ng'ombe, maziwa, malisho, mvua, hujibiwa, ndipo aseme kilichomleta. Asiyefanya hivyo ama ni mwizi ama ana wazimu. Basi akaanza palipo sawa:

*Rebecca, salama? Watu wa nyumbani Golbanti ni salama? Mpunga ni salama? Cherehani je, ni salama? Mimi ni Dadacha, muuza ng'ombe. Nauliza hali ya Kadii. Goti lake la kushoto limepoa? Amekaa vibaya pale juu, na makuti yanachoma. Kuku mwenye kishungi hajambo? Bado anataga au hofu imemzuia? Mtumbwi wa Levi je, ule ufa aliouziba kwa kitambaa, umeshika? Levi mwenyewe hasira imeshuka? Mwambie hata mimi niliwahi kununa kwa ajili ya nyama, nikarudi mwenyewe. Yule jirani aliyeazima jembe, alilirudisha? Na mamba pia namsalimu, maana naye ana watoto...*

Karatasi ikaisha. Mumina akapasua mfuko wa unga, akaubandika kwa uji. Mzee akaendelea na mbuzi wa jirani, na mgomba ulioanguka, na mchungaji aliyepoteza kiatu matopeni. Mfuko nao ukaisha, na wino ukaisha pamoja nao.

Hapo Sadik akarudi, jasho linamtiririka. Ng'ombe amewaachia wenzake wa safari huko mbele.

"Umemaliza?"

"Sijaanza," Dadacha alisema, akikodolea kibao kwa fadhaa. "Nimesalimu tu."

Aliyecheka si Sadik. Ni Changawa, aliyekuwa amesimama nyuma na kitabu chake cha tiketi. "Wallahi mzee, karatasi mbili na hujasema kitu! Haya ni maoni au hodi?"

Watu wa chai wakacheka. Dadacha aliona aibu hadi masikioni. Akanyoosha mkono aibandue ile karatasi, na mkono mwingine ukauzuia. Ulikuwa wa Rebecca, na mkono wake wa pili ulikuwa na nyundo ya kung'olea misumari.

Alisoma. Alisoma polepole kuliko mzee alivyoandika. Alipofika kwa mamba mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Nani ameuliza goti la Kadii?"

"Mimi, mwanangu. Unisamehe, nafasi imekwisha kabla ya maoni."

"Lakini goti nililitaja mara moja tu, baba. Mwanzo kabisa. Mwenyewe nilishalisahau."

"Kwetu mtu akiumwa goti, huulizwa mpaka lipone."

Rebecca alijipangusa macho kwa ncha ya leso. "Mimi nilidhani hakuna anayewajua watu wangu," alisema. "Na salamu haziachwi ukutani bila jibu. Si kwenu tu, hata kwetu."

"Basi jibu haraka," Sadik alisema. "Ng'ombe wetu watafika Malindi bila sisi."

Kalamu ilikuwa imekauka. Rebecca akatoa mfukoni chaki ya kukatia nguo, akaandika kwenye ukuta wenyewe, kando ya kibao, huku watu wakimsogelea na vikombe vyao, na anayejua kusoma akimsomea asiyejua:

*Kwetu ni salama. Goti bado linamsumbua Kadii. Kuku ametaga juu ya paa, yai likaviringika likamwangukia mamba puani, akaenda zake. Alfajiri Levi amefika na mtumbwi, kitambaa kimeshika. Akasema, "Ingia, twende." Kadii akatazama pembeni. Akasema, "Mimi siingii chombo cha mtu ambaye hajanisalimu." Levi akasimama katikati ya mafuriko, akamwuliza habari za tangu siku ya samaki. Zilikuwa nyingi. Jua likapanda. Ndipo Kadii akashuka.*

Dadacha alipiga fimbo chini kwa furaha. "Ameshuka! Sadik, umesikia? Ameshuka! Silali na ndama!"

Changawa alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. "Na kuku je?" aliuliza. "Naye alipanda mtumbwini?"

"Salimu kwanza," Dadacha akamwambia.

Hoteli nzima ilimgeukia. Changawa akajikuna kisogo. "Fundi," alisema taratibu, "salama?"

"Salama, Changawa. Lete ile suruali niinyooshe mguu."

Wale ng'ombe walifika Malindi wote isipokuwa dume mmoja aliyerudi kwao mwenyewe. Sadik baadaye aliacha biashara ya mifugo, akafungua duka la baiskeli Garsen. Changawa aliendelea kukata tiketi na kuandika maoni, akianza kila moja kwa salamu. Mumina alihamia Witu kwa mwanawe. Rebecca aliandika mpaka mchwa wakala kibao. Akaolewa Kau, na huko anashona sare za shule. Mvua iliosha ile chaki. Karatasi nyingi zilifungiwa mandazi. Hamdi alisikia mwisho wa hadithi, akataka isimuliwe upya tangu mwanzo. Dadacha alizeeka, macho yakafifia, akawa anasomewa. Goti la Kadii halikupona.