Maji Chini ya Sakafu

Nilikuwa napiga pasi simu ilipolia. Alikuwa mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa katika safari yake ya kwanza ya mbali kwa mashua ya tanga, yeye na nahodha wake tu. Alipiga kwa simu ya setilaiti, huku anahema.

"Bibi, maji yanajaa chini ya sakafu. Nimepiga pampu tangu asubuhi, hayaishi. Nimekupigia nisikie sauti yako."

Nikachomoa pasi. Nikakaa juu ya kapu la nguo. "Mke mwenzangu, nahodha yuko wapi?"

"Kwenye usukani. Mawimbi ni makubwa, hawezi kuuachia. Nataka nishushe kiboti cha kujiokolea, tuhame."

Nikamsikia nahodha, mama ambaye wanafunzi wake wa ubaharia humwita Jenerali, akipaza sauti toka juu: "Hakuna kuhama! Umeyaonja?"

"Nini?"

"Hayo maji! Ya chumvi au matamu?"

Akaenda kuyaonja. Nilisikia mbao zikilia na kitu kikibingirika. Kama ni ya chumvi, basi bahari imeingia, na huenda simu hii ndiyo ya mwisho.

"Matamu," alisema, kisha akaangua kilio. "Bibi, ni maji yetu ya kunywa! Mpira wa tangi niliufunga mimi bandarini, sikuukaza. Na nimeyamwaga baharini kwa mikono yangu."

"Mwambie."

"Atanitupa na mimi."

"Mwambie, mama. Nipo hapa, sikati simu."

Akamwambia, kwa sauti, bila kuficha kitu. Nikasubiri matusi.

"Mpira umeukaza?" Jenerali aliuliza.

"Bado."

"Kaukaze sasa hivi! Pampu usiiguse. Yaliyobaki chota kwa sufuria, tutayachuja na kuyachemsha. Ukimaliza, njoo ushike usukani, tunageuza kwenda bandari ya karibu."

"Mimi? Baada ya haya?"

"Kwani tumepanda wangapi humu? Mkono wangu umekufa ganzi, njoo!"

Simu ikakatika. Siku zilizofuata nilishinda na simu mkononi.

Alipopiga tena walikuwa wamefika, sauti imemkauka kama ya mzee. Walikuwa wakinywa kwa kifuniko cha chupa, alisema.

"Kila zamu yake ilipofika, Jenerali alisema hana kiu, ninywe mimi. Nikamwamini, Bibi. Leo kwenye mwanga wa bandari ndipo nilipoiona midomo yake. Imepasuka yote."

"Sasa yuko wapi?"

"Bombani. Hajaacha kunywa."