Basi Lililokulia Bandani

Delmar Voss aliwahi kuwadharau watu wengi, maana huko kwao Wisconsin jioni ni ndefu na hakuna sinema. Lakini hakupata kumdharau mtu kwa utamu kama alivyomdharau mkwewe. Kijana aliitwa Tobin, mrefu kama nguzo ya umeme, ndevu za nabii, viganja laini visivyojua mpini wa chochote. Mwezi wa Aprili alikuja na mkewe Janelle, mtoto pekee wa Delmar, wakiendesha basi kuukuu la shule walilolinunua mnadani. Watalifanya nyumba, walisema. Watatia kitanda, jiko na choo, kisha wataishi humo wakizunguka nchi.

"Choo ndani ya basi," Delmar alisema. "Watoto wanahesabu dakika washuke kwenye hilo dude, wewe unataka kuhamia."

"Ni uhuru, mzee."

"Uhuru wa kunusa mavi yako mwenyewe."

Hata hivyo aliwapa banda la matrekta. Ng'ombe alishawauza, mkewe alishazikwa, na banda lilikuwa tupu. Basi likaingia mlangoni vizuri, likabakiza nafasi ya shibiri moja juu yake. Na tangu siku ile Janelle akawa jikoni kila jioni, akiimba kwa sauti mbovu kama ya marehemu mama yake na kumgombeza baba kwa kuzidisha chumvi. Delmar hakumwambia mtu, ila alianza tena kunyoa ndevu kila asubuhi.

Kazi ya Tobin ilikuwa kichekesho. Kila skrubu aliyoifunga aliipiga picha kwanza. Aliisimamisha simu yake juu ya kigoda akaiambia, "Habari zenu, wapenzi wa barabara!" kwa uchangamfu ambao hajawahi kumpa mtu mzima aliye mbele yake. Sheria hairuhusu basi la mtu binafsi kubaki na rangi ya manjano ya shule, kwa hiyo akalipaka kijani, na ubavuni akachora milima. Milima yenyewe ilitoka kama kiwele cha ng'ombe mgonjwa aliyelala chali. Delmar aliyekamua ng'ombe maisha yake yote alimweleza hivyo, na yule bwege akamshukuru.

Likabaki suala la paa. Basi la shule halikuundwa kwa ajili ya watu warefu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Tobin hakutaka kuinama. Wenzake wa mtandaoni wakamfundisha dawa: kata nguzo za madirisha, inua paa lote kwa jeki, kisha chomelea vyuma vipya katikati. Akaazimia kuliongeza futi moja na nusu. Aliifanya kazi hiyo mle mle bandani, mvua isije ikalinyeshea basi likiwa wazi.

Siku hiyo ya Julai Delmar alikuwa amekaa juu ya ndoo na kahawa yake. Aliliangalia paa likipanda. Akauangalia mlango. Akaliangalia paa tena. Mtu aliyepitisha mashine mlango ule tangu utotoni hahitaji futi kamba. Akafungua kinywa aseme, na papo hapo Janelle akaingia na mkate wa ndizi, akamfuta vumbi begani, akaenda zake. Delmar akafunga kinywa. Wasipotoka kabla ya theluji, watakaa mpaka ianze kuyeyuka. Baridi nzima atakuwa na mtoto wake nyumbani. Pilipili usozila zakuwashiani, alijiambia, akamalizia kahawa.

Asubuhi ya safari ilifika mwezi wa Oktoba. Janelle alishika usukani. Tobin alisimama nje na simu yake, akipunga mkono.

"Njoo! Njoo, mpenzi! Marafiki, ndio hii siku tuliyoisubiri! Njoo!"

Basi likaja. Paa likajigonga kwenye boriti la mlango kwa kishindo, kifuniko cha dohani ya jiko kikaruka na kutua miguuni pa Tobin.

"Lakini nimepima madaraja!" alilia. "Madaraja yote mpaka Arizona, nayajua kimo chake!"

"Na mlango?" Delmar aliuliza.

"Mlango... si tuliingilia huu huu, mzee?"

Delmar alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Wakapunguza upepo wa matairi, basi likachuchumaa kidogo, halikupita. Mwishowe Tobin akaizima simu, akaitia mfukoni.

"Nimekosea mimi, Jan," alisema. "Nitalikata upya nilishushe. Tutakaa hapa mpaka baridi iishe, kama baba atatuvumilia."

Moyo wa Delmar ulimruka. Janelle alishuka kwenye basi. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Baba, ile nyama inayoyeyuka kwenye sinki ni ya nini?"

"Ya chakula cha jioni."

"Paja zima? La mtu mmoja? Na jana tulishakuaga?"

Delmar akatazama kikombe chake.

"Ulijua. Tangu lini?"

"Julai."

"Na ukakaa juu ya ndoo yako ukicheka."

"Ningesema, ungeondoka."

"Mume wangu ni bwege, sawa, nalijua hilo kuliko wewe," Janelle alisema. "Lakini bwege huyu hajanitegea mtego."

"Jan, mwache mzee wa watu..." Tobin alianza.

"Nyamaza, wewe mlingoti," Delmar alisema, akaingia stoo. Alirudi na msumeno wa mashine.

"Mzee, si ulisema boriti hilo alilichonga babu yako?"

"Babu hakujua kwamba utazaliwa. Lete jeki zako."

Wakategemeza ukuta kwa jeki zile zile zilizoinua paa, na Delmar akakata. Mti ulikuwa mkavu na mgumu, ukamchosha. Hakumwachia Tobin msumeno hata alipoomba mara ya pili. Alasiri basi likatoka, likaacha juu ya mlango tundu la umbo lake.

Delmar akalileta lile paja, akalibwaga ndani ya sinki yao ndogo ya basini, nalo halikuenea. Janelle akamkumbatia, kwa muda mfupi kuliko alivyotaka.

"Lizibe hilo tundu kabla ya theluji," alisema.

Basi likashika njia, Tobin akiwa usukanini. Kwenye njia panda Tobin akapinda kulia, akanyoosha, na taa ya kupindia akaisahau, ikaendelea kuwaka na kuzimika barabara nzima.

"Bwege," Delmar alisema. Upepo wa tundu ukimpuliza kisogoni, alibaki amesimama akiiangalia ile taa mpaka haikuonekana tena.